Vumbi 1600: historia ya dhahabu ya Hearthstone na namna ya kuitumia

Safari hii tunaandika historia ya mchezo wa karata wa kwenye simu, na tunaomba mtu asicheke kwanza. Vijana wengi tunaokaa nao hapa Nakivale wanaucheza, bando inaisha, na kila wiki tunasikia ugomvi ule ule: hii dhahabu ya mchezo tuinunulie nini? Ugomvi huo una umri wa zaidi ya miaka kumi. Kuna watu walitutangulia, wakalipa, na majibu yao yapo.

Tuanze mbali kidogo. Miaka ya 1880 huko Marekani, kampuni za sigara kama Allen & Ginter zilikuwa zinaweka kadi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke. Juu ya kadi wakachapa picha: wanamichezo, ndege, bendera. Hujui utapata ipi mpaka ufungue, na ukitaka kukamilisha seti unanunua pakiti nyingine, hata kama kifua kinakohoa. Agosti 1993 Richard Garfield, mtu wa hesabu, pamoja na kampuni ya Wizards of the Coast wakatoa Magic: The Gathering. Hapo kadi ya kukusanya ikawa pia kadi ya kuchezea. Lakini kadi ya Magic ni karatasi, iko mkononi mwako. Ukiichoka unamuuzia mwenzako, ukihama unaenda nayo kwenye begi. Shikeni hilo, tutalirudia.

Hearthstone ya kampuni ya Blizzard ilitoka rasmi tarehe 11 Machi 2014 kwa kompyuta, na mwaka 2015 ikafika kwenye simu. Kucheza ni bure. Ndani kuna aina mbili za mali zinazotuhusu. Ya kwanza ni dhahabu: zamani uliipata kwa kumaliza kazi za siku, zilizotoa 40, 50, 60 na kadhalika, na kila ushindi wa mara 3 uliongeza 10. Dhahabu 100 inanunua pakiti moja yenye kadi 5, na angalau moja kati yake ni adimu au zaidi. Mali ya pili ni vumbi. Kadi usiyoitaka unaivunja, inakuwa vumbi, na kwa vumbi unatengeneza kadi unayoitaka wewe mwenyewe.

Hapa kwenye vumbi ndipo watu wengi wanaumia, kwa hiyo tukae kidogo. Kadi ya kawaida ukiitengeneza inakula vumbi 40, ukiivunja inakupa 5. Adimu: 100, unarudishiwa 20. Epiki: 400, unarudishiwa 100. Lejendari: 1600, unarudishiwa 400. Someni tena polepole. Ili upate lejendari moja unayoitaka, uvunje lejendari 4 usizozitaka. Au uvunje kadi za kawaida 320! Pakiti mbovu kabisa ina kadi 4 za kawaida na adimu 1, yaani vumbi 40 ukivunja zote. Kwa pakiti mbovu za namna hiyo unahitaji pakiti 40 kufikia 1600. Pakiti 40 ni dhahabu 4000. Ukiwa unapata dhahabu 50 kwa siku bila kukosa hata siku moja, ni siku 80. Siku 80 za kuchaji simu kwa jirani mwenye sola, za bando, za kukosa usingizi, kwa ajili ya kadi moja.

Sisi tunaliita soko la upande mmoja: duka ni la kampuni, bei ya kununua ni ya kampuni, bei ya kuuza ni ya kampuni. Anayevunja kadi kwa hasira baada ya kushindwa anapoteza robo tatu ya thamani au zaidi kwa sekunde moja. Ndio maana wachezaji wa zamani walijiwekea kanuni ya kutovunja kadi yoyote mpaka uwe na hitaji lenye jina. Zile nakala za ziada, zaidi ya idadi ambayo sheria inaruhusu kutia katika seti ya kuchezea, hizo vunja, hazina kazi nyingine.

Julai 2014 likatokea jambo ambalo kwetu ndilo somo bora katika historia yote ya mchezo huu. Blizzard walitoa Naxxramas, safari ya kupigana na mabosi, yenye sehemu 5. Sehemu ya kwanza ilitolewa bure kwa walioingia mapema, na kila iliyobaki iliuzwa dhahabu 700. Nne mara 700 ni 2800, bei ya pakiti 28. Ila hapa hakukuwa na bahati nasibu. Kadi zilikuwa 30, kila mtu alizijua kwa majina, na ukimshinda bosi unapata yako. Waliokuwa wamemaliza dhahabu yao kwenye pakiti walikaa wakitazama wengine. Waliotunza walinunua kitu wanachokijua. Safari za namna hiyo ziliendelea mpaka Agosti 2016 ilipotoka ile ya Karazhan, halafu kuanzia 2017 kampuni ikageukia seti kubwa tatu za pakiti kila mwaka. Kwa maoni yetu, hapo ndipo mchezo ulipoanza kuwa ghali kwa mtu asiye na feza, ingawa matangazo yalisema mengine.

Mwaka 2016 wenyewe ulileta mabadiliko mengine. Mwezi wa Aprili mchezo uligawanywa: upande mmoja kadi zote, upande mwingine, ule wa mashindano makubwa, kadi za mwaka huu na mwaka uliopita pamoja na zile za msingi. Kila mwaka unapogeuka, kadi za zamani zinatoka nje. Watu walilia kwamba wameibiwa. Kweli kadi zao zilibaki, lakini uwanja wa kuzichezea ulipungua. Kuanzia hapo dhahabu ikawa na kalenda. Seti iliyotoka Aprili ilikaa ndani karibu miaka miwili, na ile ya Desemba ilikaa miezi kama 16. Dhahabu ile ile, pakiti ile ile, umri tofauti. Mwenye dhahabu kidogo aliyesubiri Aprili hakupungukiwa akili, hata kama wenzake walifungua pakiti za Desemba na kupiga kelele.

Kisa kingine tunachokipenda ni cha 2017. Kampuni ilitangaza kwamba kadi chache maarufu, zikiwemo Ragnaros na Sylvanas, zitaondolewa kwenye uwanja wa mashindano, na kila mwenye nazo atabaki nazo na kupewa vumbi lake kamili. Waliosoma tangazo mpaka mwisho wakatengeneza haraka zile walizokuwa hawana. Siku ilipofika wakarudishiwa 1600 kwa kila lejendari, na kadi ikabaki kwao. Bure kabisa. Wengine, pengine wenye feza nyingi kuliko hao, hawakujua hata kama kulikuwa na tangazo. Sisi tuliozoea kusoma ubao wa matangazo kabla ya siku ya mgao tunaielewa tofauti hiyo vizuri. Kuna kanuni ndugu yake: kadi ikipunguzwa nguvu, kwa muda mfupi unaweza kuivunja kwa bei kamili ya kuitengeneza. Usiivunje kabla, na usichelewe.

Je, bahati ya pakiti ilikuwa ikihesabiwa vipi? Kwa miaka kadhaa wachezaji walifungua pakiti na kuandika matokeo, wakakusanya maelfu, mpaka wakagundua kwamba hakuna anayepita pakiti 40 za seti moja bila kupata lejendari. Mwaka 2017 sheria mpya ya China ililazimisha kampuni za michezo kutangaza uwezekano, ndipo ikasemwa wazi: kwa wastani lejendari moja katika pakiti 20, epiki moja katika pakiti 5. Mwaka huohuo, Agosti, kampuni ikaongeza kwamba katika pakiti 10 za kwanza za seti mpya lejendari moja ina uhakika, na hutapata lejendari uliyo nayo tayari. Machi 2020 kinga hiyo ya kutorudiwa ikaenea kwa kadi za ngazi zote. Kwa hiyo mwenye dhahabu 1000 ana sababu nzuri ya kuimwaga yote kwenye pakiti 10 za seti moja mpya. Kuigawa, pakiti 3 huku, 3 kule, 4 kwingine, ni kuanza hesabu mara tatu bila kufika popote. Na tangu Machi 2021 kila mchezaji anapewa bure seti ya msingi yenye kadi zaidi ya 200, basi ukianza leo usinunue chochote mpaka umeichezea hiyo.

Novemba 2020 ilikuwa zamu ya kampuni kubanwa. Kazi za siku ziliacha kutoa dhahabu moja kwa moja, zikatoa alama za kupanda ngazi, na dhahabu ikawekwa kwenye ngazi hizo. Kampuni ilisema hakuna atakayepungukiwa. Wachezaji wakakaa chini na kalamu, wakajumlisha, wakaona wamepungukiwa, wakapiga kelele kwa wiki kadhaa mpaka malipo yakarekebishwa. Kilichowasaidia ni kwamba walikuwa wameandika mapato yao ya zamani. Bila daftari wangekuwa na hasira tu.

Michezo mingine ilijaribu njia tofauti, tuipitie haraka. Valve walitoa Artifact Novemba 2018, Garfield yuleyule akiwa miongoni mwa waliouunda. Ulilipia dola 20 kuingia na kadi zikauzwa sokoni kwa feza halisi. Ulikosa watu, na Machi 2021 wakaacha kuujenga. Riot walitoa Legends of Runeterra mwaka 2020, ambapo kadi yoyote inanunuliwa moja kwa moja bila kamari ya pakiti. Sisi tunauona ndio wenye heshima kuliko yote kwa mchezaji maskini.

Sasa turudi kwenye lile la begi. Dhahabu ya Hearthstone haitoki. Huwezi kuiuza, huwezi kumtumia dada yako aliye Kakuma, masharti yanakataza hata kuuza akaunti. Wenzetu wa Kakuma waliona kitu kinachofanana kidogo mwaka 2015 ilipoanza Bamba Chakula: thamani ndani ya laini ya simu, ya kutumia kwa wafanyabiashara walioandikishwa tu. Tofauti ni kwamba ile ilikulisha. Januari 2023 mkataba kati ya Blizzard na NetEase ulikwisha, na wachezaji wa China wakafungiwa mlango wote kwa siku moja, wenye dhahabu 100 na wenye 10,000. Mchezo ulirudi kwao Septemba 2024. Wazee wetu wa Kongo hawakushangaa tulipowasimulia. Desemba 1979 Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, na waliokuwa wameficha akiba chini ya godoro mbali na benki walibaki na makaratasi. Kwa hiyo kutunza dhahabu ya mchezo ni vizuri, ila itunze kwa ajili ya seti inayokuja miezi michache mbele. Kuifanya urithi ni kumwamini mwenye duka kuliko anavyostahili.

Hapa kwetu kuna akaunti moja ambayo vijana saba wanaichezea kwa zamu kwenye simu moja, na ina dhahabu kama 2300. Wanne wanataka pakiti leo. Watatu wanataka kusubiri seti mpya. Sisi tumewashauri watumie 1000 siku seti itakapotoka, wakae na 1300, na wasitengeneze lejendari yoyote kwa wiki mbili za kwanza, kwa sababu kadi inayotisha siku ya kwanza mara nyingi inapunguzwa nguvu au inasahaulika. Tumewashauri pia waandike kwenye daftari nani alishinda nini, maana dhahabu ya watu saba isiyo na daftari italeta ngumi. Hilo la daftari wamekubali. La pakiti bado wanabishana.

Na kwa ndugu zetu wa mashirika mnaotuuliza kama mchezo huu ufungwe kwenye vituo vya vijana: tunaomba usifungwe. Zuieni kitu kimoja, kuunganisha namba ya feza ya simu na duka la mchezo, hasa kwa simu inayotumiwa na wengi. Halafu siku ya somo la akiba leteni jedwali la vumbi, 40 kwa 5, 100 kwa 20, 400 kwa 100, 1600 kwa 400, mwape vijana kalamu. Tulijaribu na kundi la watu 12 bila projekta wala chai, na hakuna aliyetoka kabla ya hesabu kuisha.