Filamu za Vita na Historia ya Kambi za Kigoma

Filamu ya Hotel Rwanda (2004) yaonyesha maiti barabarani, kisha yamalizika watu wakipanda basi kuja Tanzania. Lakini historia ya Kigoma yaanzia pale filamu inapoishia. Rais Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, Warundi walimiminika Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ikafunguliwa kwa Wakongo. Wanawake waliookoka risasi walibakwa wakitafuta kuni. Jambo hili twaona lilistahili filamu yake. Kisha kungoja: mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule wa 1996 alitimiza miaka 20 kambi ingali wazi, naye bado akipanga foleni ya mgawo wa unga.