Ufikishaji wa taarifa za kiintelijensia

Tanzania, polisi wakizuia mkutano husema wana taarifa za kiintelijensia. Magazeti ya Kenya huziita za kijasusi. Tofauti hiyo hainisumbui sana, ingawa ujasusi una harufu ya kuiba siri, na intelijensia ni pamoja na kuzichambua. Kinachonisumbua ni hatua ya mwisho ya kazi hiyo, ile ya taarifa kutoka mezani kwa mchambuzi hadi kwa kamanda. Wengi huiita usambazaji. Lakini husambazwa mbolea ya ruzuku, ili wapate wengi iwezekanavyo. Hapa wanatakiwa wapate wachache, wapate mapema, na adui asishtuke. Mimi nasema ufikishaji.

Aliyejivunia kazi hii kuliko wengi ni F. W. Winterbotham, ofisa wa jeshi la anga la Uingereza aliyekuwa katika idara ya ujasusi Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza. Kule Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua misimbo, wataalamu wa Banda Namba 6 walikuwa wakifumbua ujumbe wa Wajerumani uliofichwa kwa mashine ya Enigma, na wenzao wa Banda Namba 3 wakiutafsiri na kuufafanua. Mwanzoni, ili kuficha siri hiyo, habari zilitolewa kana kwamba zimeletwa na jasusi mmoja aliyepewa jina la Boniface. Majenerali hawakuzitilia maanani. Maneno ya majasusi walishayazoea.

Winterbotham akaja na vitengo maalumu vya maofisa waunganishi, vilivyowekwa kwenye makao makuu ya makamanda vitani. Ujumbe ulitumwa kwa redio ukiwa umefichwa upya kwa msimbo wa Waingereza wenyewe. Ofisa wa kitengo akaufumbua, akampelekea kamanda mkononi, au mmoja wa wachache waliokuwa kwenye orodha. Kamanda akisoma, karatasi inarudishwa na kuteketezwa. Kunakili ni marufuku. Hata kushambulia kulikuwa na sharti: meli ya shehena ya Rommel, jenerali wa Kijerumani, haikuzamishwa kabla ya ndege ya doria kupita mahali ambapo mabaharia wangeiona, wapate cha kulaumu. Na msimamizi wa masharti yote hayo, mbele ya jenerali, mara nyingi alikuwa ofisa wa cheo cha chini. Sijui jeshi gani lingelipenda jambo hilo.

Mwaka 1974 mzee Winterbotham alichapisha kitabu, The Ultra Secret, alichokiandika kwa kumbukumbu bila nyaraka mbele yake. Wanahistoria walimkosoa vikali: madai yake kwamba Waziri Mkuu Churchill alijua mji wa Coventry ungepigwa mabomu Novemba 1940 akauacha hayakukubalika, na mchango wa Wapolandi katika kuifumbua Enigma aliueleza vibaya. Ufumbuaji haukuwa fani yake. Ukitaka kujua karatasi ilivyofika mezani kwa jenerali na ilivyoondoka, hapo msome. Ndiyo kazi aliyoifanya.