Kutafuta Asili ya Ukoo kabla ya Safari

Katika nyumba nyingi za Ngaramtoni siku hizi hufika habari kutoka kwa mjukuu aliyezaliwa Dar es Salaam, au Nairobi, au ng'ambo ya bahari, naye asema: "Nataka kuja nyumbani niwaone ndugu zangu, tena nataka kujua sisi ni watu wa wapi." Neno hili ni jema, na wazee hulifurahia. Walakini wengi wafikao hivyo huja na kitu kimoja tu mkononi, yaani jina la ukoo. "Mimi ni Mollel," asema. Basi, mtu akisimama sokoni kwetu siku ya gulio na kuita "Mollel!", watageuka wengi hata asijue amjibu nani.

Sababu yake ni hii. Mollel, Laizer, Lukumay na mengine kama hayo hayakuwa majina ya mtu mmoja wala ya nyumba moja. Ni majina ya koo kubwa, nazo zimeenea kupita mipaka ya nchi ya Waarusha, hata kwa Wamaasai wa Kisongo na wale wa Kenya. Wazee huzigawanya koo hizo pande mbili: Odomongi, ndio wa ng'ombe wekundu, na Orokiteng, ndio wa ng'ombe weusi. Zamani mtu aliitwa kwa jina lake na la babaye, nayo yalitosha. Shule, kanisa na ofisi za serikali zilipotaka jina la mwisho la kuandika kitabuni, wengi walitoa lile la ukoo. Na hivyo watu wasioweza kumtaja babu mmoja waliyezaliwa naye wote walijikuta wana jina moja. Mgeni adhaniye kwamba kila Mollel ni mtoto wa baba yake mdogo atapokelewa vizuri, atanyweshwa chai, naye atarudi kwao bila kujua lolote.

Chombo kilicho bora kuliko jina ni rika. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu, walihesabu kwa tohara. Marika yalifuatana hivi: Talala, Tuati, Tareto, Terito, Nyangusi, Seuri, Makaa, Landis, na Korianga. Muda wa rika moja wapata miaka 15, pengine zaidi au pungufu. Nyangusi walitahiriwa katika miaka ya 1940 na 1950. Ukiambiwa babu wa babu yako alikuwa Tareto, umekwisha kupata kalenda, maana Tareto walikuwa vijana katika siku za vita vya mwaka 1914 hadi 1918 na miaka iliyofuata. Tena rika husaidia kupima maneno. Kwa kawaida mtoto huwa mbali na babaye kwa marika mawili. Aliye mwana wa Terito hutazamiwa kuwa Seuri. Basi ukiandika orodha ya wazee wako na kuona baba ni Terito na mwana ni Nyangusi, simama hapo uulize tena. Huenda mtu mmoja amerukwa, ama aliyetajwa kuwa baba alikuwa ndugu wa baba.

Na orodha hiyo haiendi mbali kama wengi watumainivyo. Mara nyingi mzee wa Kiarusha atakutajia babaye, babu yake, na baba wa babu, kisha atanyamaza, au ataruka moja kwa moja mpaka jina la ukoo. Asidharauliwe kwa hilo. Watu hukumbuka yale wanayoyahitaji, na jambo lililohitajiwa hapa mlimani lilikuwa shamba. Yule babu aliyefyeka msitu na kuweka mipaka ya kihamba chake ndiye akumbukwaye, kwa kuwa ugomvi wa mpaka hauwezi kuamuliwa bila kumtaja. Waliomtangulia hawakuacha mpaka wo wote wa kugombewa, na majina yao yakafifia.

Nyuma ya hapo yako mapokeo ya kabila zima, kwamba Waarusha walitoka Arusha Chini, katika uwanda ulio kusini ya Moshi, wakaja kukaa kwenye mteremko wa Meru wa kusini na magharibi kama katika miaka ya 1830. Walikuwa wakulima, nao walibadilishana nafaka na Wamaasai wa Kisongo kwa mifugo. Toka huko chini walipanda polepole mlimani na kuenea, hata wakafika pande hizi zetu za barabara iendayo Namanga. Jina la mahali hapa lenyewe ni la lugha hiyo ya Kimaasai: engare ni maji, na motonyi ni ndege.

Mapokeo hayo ni ya kweli kwa kabila, lakini si ya kweli kwa kila nyumba. Nalisema neno hili kwa uangalifu, maana wako wasiopenda kulisikia. Waarusha waliongezeka kwa kuzaa, tena waliongezeka kwa kupokea watu. Vijana na wanawake wa Kimeru waliotekwa vitani waliingizwa katika koo za Waarusha. Wachaga nao walikuja na kukaa. Kisha katika miaka ya kwanza ya 1890 maradhi ya ng'ombe yaliteketeza mifugo ya Wamaasai, na ndui ikafuata, na njaa. Wengi walikimbilia kwa ndugu zao wakulima wa mlimani, na watoto wao wakalelewa humo, wakapewa rika, wakapewa ukoo, wakapata shamba. Basi kijana wa Ngaramtoni anayejiandaa kwenda kuona "nchi ya babu zake" huko Arusha Chini, huenda babu yake hakutoka huko kamwe. Huenda alitoka Poli au Nkoaranga, mwendo wa nusu siku kwa miguu, au alitoka nyikani akiwa mtoto asiye na ng'ombe hata mmoja.

Mambo haya hayaulizwi mbele ya watu wengi. Mzee akiulizwa kikaoni, "Je, babu yetu alikuwa mateka?", atasema hapana, na baada ya hapo hatasema neno jingine. Ulizeni mkiwa wawili, jioni, na swali lianze mbali. Tena ulizeni wanawake. Katika kutafuta asili watu hufuata jina la baba tu, na upande wa mama hupotea kabisa. Kumbe koko, yaani bibi mzaa baba au mzaa mama, ndiye ajuaye mke wa nani alitoka wapi, mahari ilipelekwa njia gani, na lugha gani ilisemwa jikoni kwa mama mkwe wake. Mara moja neno la Kimeru lililobaki katika wimbo wa kubembeleza mtoto limesema zaidi kuliko kikao cha wanaume kumi.

Wengine watajibu ya kwamba taabu hii ni yetu kwa sababu hatukuandika, na kwamba huko Ulaya mtu hufungua kitabu tu. Sivyo. Itazameni nchi ya Ireland, ambayo watu wake wametawanyika duniani kupita wengi. Kati ya miaka 1845 na 1852 viazi vyao viliharibika kwa ugonjwa. Watu wapata milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni walivuka bahari, hasa kwenda Marekani. Wajukuu wa hao leo hutaka kwenda kuona walikotoka, nao huanza safari kama vijana wetu, na jina tu: "Mimi ni Murphy." Ndilo jina lenye watu wengi kuliko yote katika Ireland! Tena si jina lenyewe la kwanza. Wenyeji walisema Ó Murchadha kwa lugha yao, na waandishi wa Kiingereza wakaligeuza.

Hata maandishi yao yalipotea. Mnamo tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kuhifadhi kumbukumbu mjini Dublin ililipuka na kuungua, na vitabu vya hesabu ya watu vya miaka 1821 hadi 1851 viliteketea karibu vyote, pamoja na vitabu vingi vya makanisa vilivyopelekwa humo vipate kulindwa. Vile vya 1861 hadi 1891 vilikuwa vimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe. Hesabu za mwaka 1901 na 1911 zimebaki, nazo zaweza kusomwa bure kwa intaneti. Zaidi ya hizo wana orodha ya wapangaji wa mashamba iliyotengenezwa kati ya 1847 na 1864. Nayo yataka ujue kijiji, kwa maana nchi ile ndogo imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, na kila kimoja kina jina. Jina bila mahali halimfikishi mtu po pote, sawasawa na Mollel wetu.

Yuko mtu mmoja ambaye njia hizi mbili zilikutana kwake, naye ni Barack Obama aliyekuwa rais wa Marekani. Baba yake alikuwa Mjaluo wa Kogelo katika Kenya. Alipokwenda huko mara ya kwanza katika miaka ya 1980, kabla hajaingia chuo cha sheria, alielezwa ukoo wake kwa kinywa cha Mama Sarah, mke wa babu yake, aliyefariki mwaka 2021. Upande wa mama ulikuwa na mtu aitwaye Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu, aliyeondoka Ireland mwaka 1850. Kijiji chake, Moneygall, kilijulikana kwa kuwa kasisi wa mahali alivichunguza vitabu vya zamani vya kanisa na kuikuta jamaa ile humo. Vitabu hivyo vilikuwa vimebaki kijijini. Mwezi wa Mei 2011 Obama alikwenda kukiona kijiji. Mimi nikizipima njia hizo mbili, ile ya Kogelo haikuwa dhaifu: bibi alimpa watu, na matendo yao, na tabia zao, kitabu kilimpa majina tu.

Lakini majina yatakiwa pia, na huku kwetu vitabu viko. Misheni ya Leipzig ilianza Nkoaranga mwaka 1902, na Ilboru mwaka 1904, na tangu siku hizo ubatizo, ndoa na mazishi yaliandikwa. Mwenye kutafuta asimwendee mchungaji na jina la ukoo, bali na jina la mtu, la babaye, na rika lake. Ajue pia ya kuwa jina la nyumbani na jina la ubatizo hazifanani: aitwaye Saruni na jirani zake huenda kitabuni ni Petro. Na Wajerumani waliandika kwa masikio yao. Nchi yetu waliiita "Aruscha". Heri kusoma kwa sauti kuliko kwa macho. Na mwaka wa kuzaliwa wa mtu aliyebatizwa akiwa mzima, mara nyingi ni makisio ya mwandishi. Rika ni la kutegemewa zaidi.

Na wala si wenyeji tu watafutao mlimani hapa. Huko Tengeru, mashariki ya mji, kuna makaburi ya Wapolandi yapatayo 150. Walikuwa watu waliofukuzwa kwao na serikali ya Warusi mwaka 1940, wakapelekwa Siberia, wakapitia Uajemi, na toka 1942 wapata 5,000 kati yao, wengi wao wanawake na watoto, walikaa kambini hapo. Watoto na wajukuu wa waliokaa Tengeru huja kutoka Poland, Uingereza, Canada na Australia, wakishika picha mkononi na kulinganisha mlima ulio katika picha na mlima ulio mbele yao. Na mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba mafuvu yaliyochukuliwa wakati wa Wajerumani yalilinganishwa na wazao walio hai kwa uchunguzi wa vinasaba, na fuvu moja likajulikana kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Moshi. Uchunguzi huo uliwezekana kwa kuwa jamaa yake walikuwa wanajulikana. Bila orodha ya wajukuu, vinasaba havina cha kulinganishwa nacho.

Sasa yule kijana akiisha kupata majina matatu au manne pamoja na marika yake, na ukoo wa kila mama, na jina la yule aliyefyeka shamba, naye bado ataka kwenda Arusha Chini, na aende. Asitazamie kuonyeshwa boma la mwaka 1830. Sehemu kubwa ya uwanda huo, tangu kampuni ya TPC ilipoanza mwaka 1930, ni miwa mpaka macho yanapokoma, na watu wakaao humo wametoka makabila mengi. Kitu kimoja kitamkumbusha nyumbani, nacho ni mifereji. Watu wa Arusha Chini walikuwa hodari wa kuongoza maji ya mito mashambani, na waliohama waliuleta ujuzi huo Meru. Kwa hiyo kabla hajapanda basi, awaulize wazee wa kwao ni nani aliyechimba mfereji upitao juu ya shamba la babu, na nani aliyekuwa na zamu ya maji baada yake, ayaandike majina hayo pia.