Porsche iliposhindwa na springi za lori

Zaidi ya nusu karne imepita tangu Pasaka ya mwaka 1974, na kisa cha mkono mmoja wa chuma kingali kinasimuliwa na wapenzi wa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Ulaya, mwenye gari la mbio akitaka lishike barabara vizuri kwenye kona, hulishusha chini na kukaza springi na shokapu. Kwenye Safari hesabu hiyo hugeuzwa: gari huinuliwa, gurudumu lipate nafasi ya kuzama shimoni na kutoka bila bodi kugonga mawe. Porsche waliliinua 911 lao. Lakini injini ya gari hilo imekaa nyuma kabisa, hivyo kishindo cha kila shimo huishia kwenye mikono inayoshika magurudumu ya nyuma. Björn Waldegård wa Uswidi alikuwa akiongoza, mkono mmoja wa gari lake ulipovunjika. Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho nchini Kenya, akampita kwa Mitsubishi Lancer ambayo nyuma ilibebwa na vyuma bapa vilivyolaliana, kama malori yanayopita hapa Lulimba, Fizi, mashariki mwa Kongo, kwenda Misisi. Waldegård akawa wa pili.

Porsche walirudi 1978, bodi ikiwa sentimita 28 juu ya ardhi. Waldegård akaharibikiwa tena nyuma na kumaliza wa nne. Mwenzake wa Porsche, Vic Preston Jr., akawa wa pili, na ushindi ukaenda kwa Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Kushinda kwa Porsche, ilimbidi Waldegård angoje hadi 2011, alipoishinda Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, kwa 911, mwanawe Mathias akiwa kando yake.



Sifa za Joginder zinatufaa hata sisi wa Fizi, kwa sababu alijua chuma kabla ya kujua mwendo. Mafundi wetu huongeza jani la springi, huchomea mkono uliopasuka, na lori likaendelea na safari. Kazi hiyo haiandikwi popote. Walimu wa shule za ufundi wa Baraka na Fizi, waiteni mafundi hawa wazee darasani wangali na nguvu za kushika nyundo.