Mboga za porini

Mboga za porini ni mimea yenye majani mapana inayoota yenyewe bila kupandwa, mashambani, kando ya njia, jalalani na penye mazizi ya zamani, na ambayo majani yake huchumwa na kupikwa. Katika Afrika ya Mashariki zinazojulikana sana ni mchicha pori, mnavu na mgagani. Huchipua kwa wingi mvua zinapoanza, wakati mazao mengi bado hayajakomaa. Mahali hapohapo huota pia mimea yenye sumu, hasa mnanaha, ambayo ikiwa michanga inaweza kudhaniwa kuwa mboga.

Utambuzi

Upana wa jani na rangi yake havitoshi kutambua mmea. Huangaliwa pia ukingo wa jani, shina, harufu, ua na tunda.

* Mchicha pori (jenasi *Amaranthus*): majani hupishana kwenye shina, ukingo wake hauna meno, na mishipa huonekana wazi upande wa chini. Maua ni madogo sana, yamesongamana katika mashuke. Mbegu ni ndogo na mara nyingi ni nyeusi za kung'aa. Spishi *A. spinosus* ina miiba miwili penye kila kikonyo cha jani.
* Mnavu (*Solanum nigrum* na spishi za karibu): maua ni madogo, meupe, yenye umbo la nyota na kitovu cha njano. Matunda ni ya mviringo, hukaa katika vishada, na yakiiva huwa meusi, ya zambarau au ya rangi ya machungwa kulingana na spishi. Matunda mabichi ya kijani yana solanini, ambayo ni sumu. Majani yana uchungu na huchemshwa kabla ya kuliwa.
* Mgagani au mwangani (*Gynandropsis gynandra*): jani limegawanyika katika vijani 3 hadi 7, mara nyingi 5, vilivyotandazwa kama vidole vya mkono. Shina lina vinyweleo vinavyonata. Maua ni meupe au ya waridi yenye stameni ndefu, na tunda ni kama ganda refu jembamba. Nchini Kenya mara nyingi hupikwa kwa maziwa ili kupunguza uchungu.
* Jenasi *Rumex*: huota hasa kwenye nyanda za juu zenye unyevu. Alama yake ni utando mwembamba unaozunguka shina kila mahali jani linapoanzia. Mbegu ina pembe tatu. Majani ni machachu kwa sababu ya asidi oksaliki, kwa hiyo hayafai kuliwa kwa wingi.

Mnanaha

Mnanaha (*Datura stramonium*) ulitoka Amerika na sasa ni gugu katika sehemu nyingi za dunia. Uko katika familia moja na mnavu. Mmea uliokomaa hutambulika kwa urahisi: majani yana meno makubwa yasiyolingana na hunuka vibaya yakifikichwa, ua ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda lina miiba. Hatari iko kwenye miche, kwa sababu majani ya kwanza hayana meno, wala hakuna ua au tunda la kuutofautisha.

Sehemu zote za mnanaha zina atropini na skopolamini. Dalili za sumu hizo ni kinywa kukauka, mboni za macho kupanuka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Kupika hakuufanyi mmea kuwa salama. Mwaka 2019 karibu watu 300 waliugua nchini Uganda, hasa Karamoja, na 5 walifariki, baada ya kula chakula cha msaada kilichokutwa na sumu za kundi hili.

Tahadhari

Kwa kawaida wachumaji wenye uzoefu huchuma shina mojamoja badala ya kung'oa fungu zima, kwani mche mmoja wa mnanaha ukiingia katika fungu ni vigumu kuuona majani yakishakatwakatwa. Mmea usiotambulika kwa uhakika huachwa mpaka utoe maua. Mboga hazichumwi mahali palipopuliziwa dawa za kuua magugu wala karibu na maji taka. Mtu mwenye dalili zilizotajwa hupelekwa hospitali mara moja, pamoja na kipande cha mmea alioula ili waganga wautambue.