Mshauri wa unyonyeshaji anapobisha hodi: Mama mzazi atarajie nini

MAMA aliyejifungua bila matatizo kwa kawaida huruhusiwa kurudi nyumbani ndani ya siku moja au mbili, ilhali maziwa yake huanza kutoka kwa wingi kati ya siku ya pili na ya nne.

Maana yake ni kwamba wakati chuchu zinapoanza kuuma, matiti yanapojaa na kuwa magumu, na mtoto analia usiku kucha, muuguzi hayupo tena karibu. Aliyepo ni mama mkwe, shangazi au jirani, kila mmoja na ushauri wake.

Ndiyo sababu ziara ya mtaalamu nyumbani katika wiki ya kwanza inaweza kuamua iwapo mtoto ataendelea kunyonya au ataanzishiwa uji na maziwa ya kopo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), unaofuatwa pia nchini, unataka mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi.

Taarifa za utafiti wa afya na idadi ya watu nchini zinaonyesha kuwa watoto wa chini ya miezi 6 walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 41 mwaka 2004/05, asilimia 59 mwaka 2015/16 na asilimia 64 mwaka 2022. Hata hivyo, zaidi ya theluthi moja bado hupewa maji, uji au maziwa mengine mapema.

Nani huja nyumbani

Katika nchi nyingi zilizoendelea, ushauri wa unyonyeshaji ni taaluma inayojitegemea, yenye mtihani wa kimataifa uliosimamiwa na bodi maalumu tangu mwaka 1985.

Nchini Tanzania, kazi hiyo kwa kiasi kikubwa hufanywa na wauguzi wakunga, maofisa lishe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hao, ikilenga kuwafikia zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka mitano.

Kwa mkazi wa Kunduchi, iwe Mtongani, Pwani au Ununio, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya alikopewa kadi ya kliniki, au ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mhudumu wa eneo hufahamika.

Wapo pia wauguzi wanaotoa huduma hiyo kwa malipo. Mama anayo haki ya kuuliza gharama mapema na kuomba kuona leseni inayotolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania.

Aidha, anayekuja kutoa ushauri huku akinadi maziwa ya kopo, chupa au chuchu za bandia anapaswa kutiliwa shaka. Kanuni za mwaka 2013 zinadhibiti utangazaji wa bidhaa hizo, zikifuata msimamo uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa WHO mwaka 1981.

Ziara inavyokwenda

Ziara moja inaweza kuchukua saa moja au zaidi, kwa kuwa mtaalamu hulazimika kusubiri mtoto aamke na anyonye. Hakuna haja ya kupamba nyumba wala kupika. Kinachohitajika ni kadi ya kliniki, maji na sabuni ya kunawa mikono, na mahali pa faragha.

Kwanza mtaalamu huuliza: mama alijifungua lini na kwa njia gani, mtoto alikuwa na uzito gani, ananyonya mara ngapi, amepewa kitu kingine chochote, na mama mwenyewe anakula na kulala vipi. Maswali hayo si ya kumkamata mtu. Mama aliyempa mtoto maji ya sukari au dawa ya mchango aseme ukweli, ili asaidiwe.

Hatua ya pili, iliyo muhimu kuliko zote, ni kumtazama mtoto akinyonya. Mtaalamu huangalia namna mama anavyompakata: kichwa na mwili wa mtoto viwe katika mstari ulionyooka, awe amemwelekea mama, awe karibu naye kabisa, na mwili wake wote uwe umeshikiliwa, si shingo na mabega tu.

Kisha huangalia mdomo. Mtoto aliyeshika titi vizuri hufungua mdomo wazi, mdomo wa chini hugeukia nje, kidevu hugusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini.

Maumivu na michubuko ya chuchu mara nyingi hutokana na mtoto kushika chuchu peke yake. Kumwondoa na kumweka upya kunaweza kuleta nafuu palepale. Kabla ya kumgusa mama, mtaalamu mwadilifu huomba ruhusa, na kwa kawaida huelekeza kwa maneno au kwa mwanasesere.

Hatua ya tatu ni kupima iwapo maziwa yanatosha. Kigezo si kilio wala ukubwa wa matiti. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Baada ya siku ya tano hutarajiwa kukojoa angalau mara 6 kwa siku. Kupungua uzito kidogo katika siku za mwanzo ni kawaida, lakini mtoto anapaswa kurejea uzito aliozaliwa nao katika muda wa wiki mbili hivi.

Hoja za bibi na majirani

Mtaalamu mzoefu hawatoi nje wazee waliopo nyumbani. Mama mzazi akiwa bado ndani ya arobaini, wao ndio wanaomkanda, wanaompikia uji wa pilipili manga na wanaoamua mengi. Uji huo na supu ya pweza havina ubaya kwa mama. Kinachokatazwa ni kumpa mtoto.

Maziwa ya mwanzo, yenye rangi ya njano, wapo wanaoyamwaga wakidhani ni machafu. Ni machache kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo, nayo yamejaa kinga dhidi ya maradhi.

Kuhusu maji, hata katika joto la Dar es Salaam maziwa ya mama yanatosha kukata kiu ya mtoto wa chini ya miezi 6. Maji hujaza tumbo bila lishe na yanaweza kuleta kuhara.

Imani ya mtoto kubemendwa nayo huzungumzwa. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto anayedhoofu anahitaji kupelekwa kliniki, si mama yake kusutwa. Mimba nyingine ya haraka ndiyo inayoweza kumdhuru mama na mtoto, hivyo mtaalamu hugusia pia uzazi wa mpango.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi anaweza kuomba azungumze na mtaalamu faraghani. Akitumia dawa zake ipasavyo, na mtoto akapewa dawa za kinga na kupimwa kwa ratiba, anaweza kunyonyesha. Mtaalamu hapaswi kutoa siri hiyo kwa yeyote nyumbani.

Mama anayerudi kazini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirejea kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Lakini mwanamke anayeponda kokoto Mtongani au anayekaanga samaki Kunduchi Pwani hana mwajiri wa kumdai likizo. Kwake, mtaalamu hupanga naye njia inayowezekana: kwenda na mtoto mahali penye kivuli, kunawa mikono na kifua kabla ya kunyonyesha, au kukamua maziwa na kumwachia mlezi.

Kukamua kwa mkono hufundishwa hapohapo. Maziwa huwekwa katika chombo safi chenye mfuniko na mtoto hunyweshwa kwa kikombe, si kwa chupa. Miongozo inayotumika kimataifa huruhusu yakae hadi saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25. Kwa kuwa mchana jijini joto hupita hapo mara nyingi, ni busara yatumike mapema zaidi.

Ziara moja haitoshi

Mtaalamu anapoondoka anapaswa kuacha mambo mawili au matatu ya kufanya, si orodha ndefu, na siku ya kurudi. Ziara hiyo haichukui nafasi ya kliniki: mama na mtoto wanatakiwa kuonwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42.

Zipo dalili zisizosubiri ziara wala kliniki. Mtoto anayekataa kunyonya, mwenye homa au mwili wa baridi, anayepumua kwa shida, aliyepata degedege au aliyekuwa wa manjano hadi viganjani na nyayoni apelekwe hospitali mara moja.

Hali kadhalika mama anayetokwa damu nyingi, mwenye homa, maumivu makali ya kichwa au titi lililovimba, jekundu na lenye joto. Kwa kawaida mwenye uambukizo wa titi hashauriwi kuacha kunyonyesha. Hutibiwa huku maziwa yakiendelea kutolewa, kwa kuwa yakibaki ndani tatizo linaweza kugeuka jipu.