Udongo Walioupigania Wazee Wetu

Ndugu zetu mlioko nyumbani, Arusha mjini, Dar es Salaam na ughaibuni, kila mwaka kijitabu hiki hutukumbusha tulikotoka. Mwaka huu tunazungumzia udongo.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 Ngare Nanyuki ili eneo wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto, watu wakaelekezwa King'ori, na wengi wakakataa kwenda. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea wazee wetu, miaka 3 kabla ya Mwalimu Nyerere kufika huko. Leo ardhi ile inalimwa na wajukuu wa waliofukuzwa.

Lakini ardhi hiyo ina tabia yake. Upande wa kusini wa Mlima Meru mvua ni nyingi na huosha chumvi za udongo. Ndiyo maana migomba na kahawa vimestawi huko tangu enzi za mababu. Upande wa kaskazini mlima huzuia mvua. Majivu ya volkano yana magadi, na maji yakikauka magadi hubaki juu. Maziwa ya Momella, wanakotua heroe, yana magadi kwa asili hiyo hiyo. Madini ya floraidi yanayotia meno yetu rangi ya kahawia nayo yametoka kwenye miamba hiyo.

Hali ya udongo hupimwa kwa pH. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni tindikali, juu yake ni magadi. Mahindi, maharage na nyanya hupenda kati ya 6 na 7. Ikizidi 8, chuma, zinki na fosforasi hujifunga ardhini. Jani changa la mharage huwa njano huku mishipa ikibaki kijani. Mkulima hudhani mbolea imepungua, akaongeza gharama bure.

Sisi wenyewe tumekosea. Tulisikia chokaa hutibu udongo, tukaimwaga shambani. Chokaa ni dawa ya tindikali. Kwetu iliongeza ugonjwa. Hata mbolea ya mawe ya Minjingu, iliyo jirani zetu, huhitaji udongo wenye tindikali ili iyeyuke vizuri.

Dawa ya magadi ni jasi, inayochimbwa Makanya, wilaya ya Same. Kalisi iliyomo huisukuma sodiamu itoke kwenye chembe za udongo, kisha maji mazuri, hasa ya masika, huishusha chini, mradi shamba lisituamishe maji. Samadi iliyooza hulainisha udongo, na mbolea ya SA hushusha pH polepole. Kumwagilia maji ya magadi kila msimu, bila hayo, ni kurudisha chumvi pale pale.

Kupima ndiko kutangulie, maana shamba la juu na la chini havifanani. Michango ya mwaka huu italipia upimaji wa udongo wa wakulima wetu, pamoja na jasi ya kujaribia kwenye shamba la shule, ili kila mzazi aone kwa macho yake kabla ya kutoa fedha zake.

Wazee walichanga senti zao kumsafirisha mtu mmoja hadi New York kwa ajili ya ardhi hii. Sisi tunaombwa tuchange ili isife mikononi mwetu. Karibuni tuchange.